Kilango cha Ngazi ya Tatu

Swali la kwanza ambalo mwanamke mwenye akili zake huuliza kuhusu maisha ya mfereji halihusu mapenzi wala mandhari. Linahusu choo. Glenys Pargeter, mjane wa miaka sitini na mitatu, mwenye nyumba ya matofali na vyoo viwili vya kuvuta, aliliuliza kabla hajavua koti.

"Kiko wapi, na kinakwenda wapi?"

Ambrose Tunnicliffe alijibu kwa heshima zote. Kiko nyuma ya kile kipazia cha maua. Hakiendi popote, kinajaa, kisha kinapelekwa. Chini yake kuna kasha la plastiki lenye mpini na magurudumu, na kila baada ya siku nne mtu hulivuta kando ya mfereji hadi mahali pa kumwagia, akiwaamkia majirani njia nzima kana kwamba anawahi treni na sanduku lake la nguo.

"Mtu gani?"

"Mimi."

"Siku zote?"

"Mpaka nife."

Glenys akavua koti. Wapo wanaume waliomwahidi makubwa zaidi ya hayo wakatimiza madogo.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Makubaliano yalikuwa kwamba Glenys akae wiki nzima ndani ya mashua ya Ambrose, na Jumapili atoe jibu la posa. Ambrose alikuwa fundi bomba mstaafu wa miaka sitini na minane, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameishi peke yake ndani ya kitu chenye urefu wa mita kumi na saba na upana wa mita mbili, yaani ujia wa nyumba uliosahau kuja na vyumba. Watu wawili hawapishani humo. Ama mmoja arudi kinyumenyume hadi kwenye jiko la makaa, ama wakumbatiane. Ambrose aliliona hilo kuwa mojawapo ya mazuri ya mashua, ila hakulitaja.

Mashua yenyewe iliitwa Subira. Watu wa mfereji humwita mtu kwa jina la mashua yake, kwa hiyo alijulikana kutoka Stoke hadi Chester, huko Uingereza, kama Ambrose Subira, na watu walilitamka jina hilo wakiwa wameangalia pembeni, kwani subira yenyewe hakuwa nayo hata ya kuazima. Hasa katika suala la vilango.

Mfereji ukikuta kilima huupanda kwa ngazi za maji. Kila ngazi ni birika la mawe lenye malango mazito mbele na nyuma. Unaingiza mashua, unafunga nyuma, unazungusha hendeli, chuma unachotembea nacho mkononi, na kilango kidogo kinainuka chini ya maji; birika linajaa, mashua inapanda, unatoka. Ukishatoka, unafunga lango na unashusha kilango. Usipokishusha, maji ya juu yanateremka kimya kimya, na walioyategemea maji hayo wanaamka wamekaa juu ya tope.

Juu ya jambo hili Ambrose alikuwa mhubiri. Jioni za kiangazi alisimama kwenye ukingo wa ngazi, mikono nyuma, akiwavizia watu wa likizo, wale wanaokodi mashua kwa wiki moja na kuvaa kofia ya unahodha tangu siku ya kwanza. Aliwahi kumfukuza mwalimu mmoja wa jiografia kwa baiskeli, kilomita tatu, ili tu amwonyeshe picha ya kilango alichokiacha wazi. Mwalimu alilia kidogo. Ambrose alisema ni vumbi.

Basi Ijumaa alasiri wakapanda ngazi za Tibberley, zilizo tano. Glenys alishika usukani kwa mara ya kwanza. Katika ngazi ya kwanza aligonga ukuta wa kushoto, katika ya pili akagonga wa kulia, ili kusiwe na upendeleo. Katika ya tatu akatoa mashua yote mita kumi na saba bila kugusa jiwe, akageuka akiwa ndani ya koti lake jekundu, akainua mkono kama malkia anayepita mjini. Ambrose alikuwa ukingoni na hendeli mkononi. Akamtazama. Akaendelea kumtazama. Kisha akalisukuma lango likafungika, akamfuata kando ya mfereji akipiga mluzi, jambo ambalo hata bata walilishangaa. Wakafunga mashua hapo hapo, kati ya ngazi ya tatu na ya nne, nyuma ya mashua moja ya kukodi iliyokuwa imetangulia.

Jumamosi saa moja asubuhi, Ambrose, aliyekuwa akilala kwenye benchi la jikoni kwa ajili ya adabu, aliamshwa na sufuria. Ilimwangukia kifuani. Ilifuatwa na viazi, kimoja kimoja, kama watu wanaoshuka basi. Alipofungua macho aliona kwamba sakafu ilikuwa imeanza kuwa ukuta.

"Ambrose," ikasema sauti ya Glenys kutoka chumbani, sauti tulivu kupita kiasi. "Nimelalia dirisha. Nje ya dirisha kuna tope. Ndivyo Jumamosi zenu zilivyo?"

"Tumekaa chini kidogo."

"Kidogo cha nani hicho? Niko kama kitabu kwenye rafu."

Ambrose akatambaa hadi mlangoni, akachungulia. Maji yalikuwa yamekwenda. Palipokuwa na mfereji palikuwa na handaki la matope, na Subira ilikuwa imeinama upande mmoja, imeshikwa na kamba zake kama mlevi anayeshikiliwa na rafiki. Katikati ya tope vilionekana baiskeli mbili, kigari cha dukani na kiti cha daktari wa meno. Bata walikuwa wanatembea kwa miguu, wamenuna.

Kutoka ngazi ya nne alikuwa anateremka kwa miguu Norris Wragg, mtu mpana mwenye mashua ya kuuzia makaa na mitungi ya gesi. Mashua hiyo ilikuwa imekwama huko juu. Huwezi kuteremka kwenye maji yasiyokuwepo.

"Ambrose Subira!" akaita toka mbali. "Umelalaje, bwana wee? Kiubavu?"

"Acha masihara, Norris. Unaona mambo haya?"

"Naona. Nina wateja kumi na mmoja huko chini wanakufa kwa baridi. Nani kafanya?"

"Unauliza?" Kidole cha Ambrose kilikuwa kimekwisha kunyooka kuelekea mashua ya kukodi. Hakukinyoosha kwa ubaya. Kidole hicho kilikuwa na miaka kumi na tisa ya mazoezi, hakikuhitaji tena kutumwa. "Watu wa likizo! Hao ndio hao kila siku. Wanainua, hawashushi!"

Norris akaenda kukagua ngazi ya tatu, akarudi.

"Kilango cha juu, upande wa kushoto. Kimeachwa wazi mdomo. Na yale malango ya chini yanavuja kama kikapu, kwa hiyo maji yameondoka usiku kucha. Sijakigusa, nataka aliyekiacha akione kwa macho yake."

Upande wa kushoto. Ndio upande aliokuwa Ambrose jana. Alikumbuka vizuri mahali aliposimama. Alikumbuka koti, mkono ulioinuliwa, mluzi. Alijitahidi kukumbuka akizungusha hendeli kushusha kilango, akakumbuka mluzi tena.

Wakati huo bwana mmoja mwembamba alitoka kwenye mashua ya kukodi iliyolala, akiwa na nguo za kulalia na kofia ya unahodha mkononi. Alijitambulisha kuwa Jitesh Solanki, mfamasia wa Leicester.

"Samahani sana," akasema. "Nimesikia. Ni sisi, eti?"

"Kilango cha kushoto," Norris akamwambia, kwa upole wa hakimu.

"Nadhani nilikishusha. Lakini nilikuwa na hendeli mkono huu na simu mkono huu. Itakuwa ni mimi. Lazima ni mimi. Kazini kwangu mtu akisahau hivi, mtu mwingine anakufa." Akamgeukia Ambrose. "Mzee wangu, nisamehe. Nimekuharibia nyumba."

Huku kwetu mferejini mtu akikanyagwa mguu huomba radhi kwa kuuacha njiani, lakini huyu alizidi. Ambrose aliona mlango wa kutokea uko wazi, na wa kumbebea kosa lake amejileta mwenyewe, amevaa viatu vya kuogea.

"Basi," Ambrose akanung'unika. "Siku nyingine uwe macho."

Kisha akageuka, akamwona Glenys amesimama mlangoni ameshika paa.

"Njoo tunywe chai," akasema Glenys.

Jiko lilikuwa limeinama, kwa hiyo alishika birika kwa mkono muda wote likichemka, na alikuwa na nafasi nzuri ya kuongea.

"Jana tulipofika ngazi ya tatu, yule bwana alikuwa wapi?"

"Sikuangalia."

"Mimi niliangalia, nilikuwa naendesha. Alikuwa amekaa juu ya paa la mashua yake, imeshafungwa, anakula ndizi. Alitupungia mkono."

"Enhe?"

"Enhe nini? Mimi mgeni. Mambo ya vilango mwalimu ni wewe."

Ambrose akaitazama sakafu, ambayo ilikuwa upande wa kulia.

"Nikwambie kitu kuhusu marehemu Leonard," Glenys akaendelea. "Miaka thelathini na moja ya ndoa, hakukosea hata siku moja. Tukipotea njia, ramani imekosewa. Aliunguza jiko letu, akaniambia viberiti vya siku hizi havifai. Alikuwa mtu mwema, nilimlilia kweli. Lakini mwanamume mwingine asiyekosea, Ambrose, sina nguvu naye tena. Choo nakiweza. Baridi naiweza. Hilo siliwezi."

Akammiminia chai. Kikombe kilijaa upande mmoja tu.

Ambrose alikunywa nusu yake, akatoka. Nje walikuwa wameongezeka: wanandoa wawili kutoka mashua za juu, na bibi mmoja wa kijijini aliyekuwa akitembeza mbwa na sasa hakuwa na haraka tena. Solanki alikuwa anawaomba radhi mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amefika kwa mbwa.

"Jamani," Ambrose akasema. "Kuhusu kile kilango. Inawezekana kwamba hakikushushwa."

"Hilo tunalijua," Norris akasema.

"Na huyu bwana alitangulia kupanda."

"Kabla ya nani?"

"Kabla yangu."

Hata bata walisimama.

"Ni mimi," akasema Ambrose. "Nilisahau kukishusha. Nilikuwa namwangalia mwanamke."

Norris akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hebu rudia."

"Umesikia!"

"Nimesikia, lakini sauti yako ndogo, na hawa wa nyuma hawakupata."

"Nilisahau kilango!" akanguruma Ambrose. "Mimi! Nilikuwa namwangalia mwanamke! Mmetosheka?"

Hawakutosheka, walihitaji kukaa chini kwanza. Norris alicheka hadi akashika mti. Solanki peke yake ndiye aliyebaki na uso wa huzuni.

"Una hakika, mzee? Nimeshamwambia mama mkwe wangu kwamba ni mimi."

"Nenda ukamwambie si wewe."

"Hataniamini," akasema Solanki. "Amefurahi sana."

Ambrose akachukua hendeli akaenda ngazi ya tatu kushusha kilango chake. Umati mzima ulimsindikiza, kwa staha, kama watu wanaokwenda kuzika. Kisha Norris akafungua maji kutoka juu, na kwa muda wa saa nzima tope likawa dimbwi, dimbwi likawa mfereji, na Subira ikajinyanyua inchi kwa inchi, ikilalamika kila kiungo, hadi sakafu ikarudi kuwa sakafu.

Ndani, Glenys alikuwa kwenye simu na dada yake. Ambrose, akipanga vyombo kabatini, alisikia upande mmoja tu.

"Ndiyo, Doreen... La, tulilala kiubavu, ni habari ndefu... La, ile nyumba sitaki iuzwe, tafuta mpangaji... Wa miaka miwili kwanza, ndiyo... Kwa sababu ni mwanamume, Doreen, na ameanza kukiri kosa leo tu... Sawa. Kesho nitamwambia mwenyewe, leo bado ana aibu, tusimwongezee."

Ambrose akaendelea kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.