Kompyuta Imeganda, Mama Akafukuzwa

Bwana Mkude alimfukuza mama yangu kazi mchana kweupe. Alimtupia mkoba wake barabarani, nami nikauokota huku watu wakicheka.

Nililikumbuka hilo juzi, nilipomwona binti mmoja akitengeneza kompyuta ya mpwa wangu iliyokuwa ikiganda. Alichomoa memori iliyokuwa imeongezwa, ikafanya kazi.

Mama alikuwa mpiga chapa kwenye steshenari ya Mkude, Morogoro mjini. Enzi zile za ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango, Mkude alileta kompyuta, mama akaizoea. Kisha fundi Rajabu akaja kuiongezea memori. Tangu siku hiyo chumba kilinuka vumbi lililoungua, na mama akiandika kidogo tu, mshale unasimama.

"Imeganda tena," alisema mchana ule.

Kwetu mlimani kilichoganda kilikuwa mafuta ya nazi, asubuhi za baridi. Nilikuwa mtoto, nimeketi kando yake; nikasema, "Mama, tuianike juani."

Rajabu alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama Asha, mwanao fundi kuliko wewe!"

"Cheka tu. Kabla hujaichokonoa haikuganda. Toa ulichotia, tuone."

"Unanifundisha kazi? Bosi, huyu ndiye anayeiua."

Mkude akamwamini. Na mimi, kwa kukosa ada, shule ikaishia hapo.

Sasa najua kompyuta haianikwi. Lakini hao wawili wapo, nawaona mjini wakinywa kahawa. Rajabu, ulishindwa nini kukichomoa kile kidude? Na wewe Mkude, kwa nini hukumwambia ajaribu? Mama hayupo tena. Nijibuni mimi.