Siku Niliyotangaza Namba Zangu za Siri

Nisiwafiche, mpaka leo nikikaribia lile jengo la vioo katikati ya jiji huwa navuka barabara, maana naamini soja wa mlangoni bado ananikumbuka, na kama amenisahau, wapo watu kumi na tano hivi wa foleni ambao hawajanisahau.

Mambo yalianzia Kabiria, kwa shangazi yangu, ambako nilikuwa nimekaa mwaka mzima bila kazi tangu nimalize chuo. Jumapili moja alasiri nimelala chali, nageuza kadi yangu ya benki kwenye mwanga wa dirisha, nikaanza kujiuliza (najiuliza kila kitu, shangazi anasema ni ugonjwa) kwa nini zile namba tatu za nyuma ziitwe za siri ilhali zimechapishwa pale kila mtu azione. Nikazirudia mpaka zikatulia kichwani kama wimbo, kisha nikazikwangua kwa wembe. Nilijihisi mwepesi, kama mtu aliyefuta nyayo zake. Nikatazama na kitambulisho changu, nikaapa kwamba namba yake sitaiandika tena ovyo ovyo.

Jumanne nikaenda mahojiano ya kazi kwenye lile jengo la vioo, na kazi yenyewe, mniwie radhi, ilikuwa ya kuwafundisha wateja kulinda kadi zao. Mnajua desturi ya majengo yetu: unamwachia soja kitambulisho, anakupa beji ya mgeni, halafu unaandika jina na namba yako kwenye kitabu kikubwa ambacho kila anayekuja nyuma yako anakisoma. Mimi nikaandika namba ya kubuni. Soja, mama mmoja mpole, hakuangalia.

Ghorofa ya tisa mawingu yalikuwa yakipita dirishani taratibu hivi kwamba ilionekana ni jengo linalosafiri, na majibu yalinitoka kama ninayaota. Mkuu wa jopo, Madam Wairimu, akafunga faili. "Tumekupenda. Chukua kitambulisho chako huko chini tutoe kopi, tumalize."

Nilishuka kwa lifti nikiwa tayari nimeshapokea mshahara wa kwanza na kumnunulia shangazi kochi.

"Kijana," soja akasema, kidole kimoja kwenye kitabu, kingine kwenye kitambulisho, "hii namba na hii hazifanani. Nani aliandika?"

"Ni mimi. Niliificha kwa usalama."

"Usalama wa nani? Mimi ndio usalama."

Foleni nyuma yangu ikacheka. Nikatoa kadi ya benki ili aone jina langu. Akaigeuza, akaona mikwaruzo. "Na hii uliitoa wapi? Mbona imekwanguliwa?"

"Buda, ungeiba hata yenye haijaguswa," jamaa mmoja wa foleni akaniambia.

Kadi iko mezani, namba ndefu ya mbele inaangalia dari, na mimi, msomi, nikawaza: mwenye kadi ndiye pekee anayezijua zile tatu. Kwa hiyo nikazitaja. Kwa sauti, moja moja, kama mtoto anayesoma ubaoni.

Soja akatazama mikwaruzo, akanitazama mimi. "Sasa hizo nitahakikisha na nini?"

Hapo ndipo nilipomwona Madam Wairimu, amesimama mlangoni pa lifti. Alikuwa ameshuka kuona nimechelewa wapi, na alikuwa amesikia zote tatu. Akamwambia soja ananijua, kitambulisho kikarudishwa. Kisha akanisogelea, akasema polepole, bila hasira, "Ndugu yangu, tulitaka mtu wa kuwaambia wateja wasifanye hivyo." Akanipa mkono, akarudi juu peke yake.

Nilikaa kwenye ukingo wa maua huko nje, watu wakipita kama wako ndani ya maji, nikapigia benki waifunge kadi. Dada wa kwenye simu akaniuliza, "Namba yako ya kitambulisho tafadhali, nithibitishe ni wewe." Nikamtajia, ya kweli, kiganja kikiwa kimekinga mdomo.

Tangu siku hiyo sijamwandikia soja yeyote namba ya uongo, na sitarudia. Bado nawauliza vile vitabu vikijaa hupelekwa wapi (hakuna aliyewahi kunijibu), lakini nauliza nikishaandika.