Mashina Manne ya Kahawa

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, enzi hizo nina ndevu tatu tu kidevuni, mama yangu aliponiambia hatapanda tena baiskeli yangu.

Mwanangu, mama alikuwa na mapafu yaliyochoka. Miaka ya kupikia kuni katika jiko lisilo na dirisha ilimwachia kikohozi kisichoisha na pumzi fupi kama kamba ya mbuzi. Baba alipofariki, niliapa mama hatachoka tena. Basi nikampenda kwa fujo! Ndoo nilimpokonya, jembe nilimpokonya, hata kikapu cha kuchumia kahawa nilikificha darini. Kanisani alikwenda kwenye keria ya baiskeli; kwa jirani, keria; na chooni ningempeleka kwa keria kama si ile mizizi ya mparachichi njiani. Kijiji kizima kikanisifu, nami nikatembea kifua mbele kama jogoo aliyetaga.

Kumbe miguu ya mama ilikuwa inaisha. Kufikia mwaka wa pili, kutoka kitini hadi mlangoni alihema kama aliyepanda mlima na gunia la mahindi kichwani.

Ndipo Kwaresima ikaanza, Pasaka ikawa wiki sita mbele yetu. Sisi Wamoraviani, alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini kuimba tukilisubiri jua, na kaburi la baba liko juu kilimani, nyuma ya kanisa. Nikajaza upepo matairi. Mama akakataa.

"Ambakisye, baba yako alinioa natembea kwa miguu yangu. Sipelekwi kwake kama gunia la kahawa."

"Mama, utaanguka njiani!"

"Na hapa kitini je? Si nimeshaanguka, ila nimeanguka nimekaa?"

Nikamkimbilia Nesi Tusekile wa zahanati yetu, mama mtu mzima aliyetuchoma sindano kijiji kizima, nikijua ataniunga mkono. Akaja, akampima mama, akamhimiza asiache dawa zake, kisha akanigeukia mimi.

"Kijana, mapafu yake hayatakuwa mapya. Lakini miguu iliyolala inadai pumzi nyingi kuliko miguu iliyozoea kazi. Na aliyeilaza ni wewe."

Nilijiona mdogo kuliko punje ya ulezi.

Akamfundisha mama kutembea kati ya mistari ya kahawa: mashina manne, asimame, ainame mikono magotini, apulize polepole midomo ikiwa imebanwa, kama anayepoza uji. Asiondoke mpaka aweze kusema bila kukatika. Siku ya kwanza, kupumzika huko kulichukua muda wa kuivisha maharage makavu! Lakini mwenda pole hajikwai. Manne yakawa sita, sita yakawa kumi na mawili, na kadiri pumzi ilivyorudi upesi ndivyo lawama zilivyonifikia upesi: "Kikapu changu umekificha wapi, we mtoto?" Nilizipokea kama nyimbo. Siku za kikohozi kikali tulipunguza. Hatukuwa tunashindana na mtu.

Alfajiri ya Pasaka tukapanda kilima. Mama alisimama mara saba, kashika bega langu, watu wakitupita. Tulipofika, jua lilikuwa limeshachungulia. Akainama, mikono magotini, akapoza uji wake usioonekana. Nikangoja. Sijawahi kungoja vile. Kisha akainua kichwa, akaliambia kaburi kwa pumzi moja:

"Nimekuja kwa miguu, Baba Ambakisye, na huyu mwanao alinificha kikapu changu."

Leo, mwanangu, vumbi la mashine ya kusaga niliyoiendesha Tunduma limenipa na mimi kifua changu. Jana uliponinyang'anya ndoo nilicheka, nikajiona mwenyewe. Nisikilize basi. Mwenye kifua umpeleke kwanza kwa wataalamu, uulize atembee kiasi gani. Kisha tembea naye, kwa mwendo wake, si wako. Akisimama, simama. Akipumzika na pumzi isirudi, au midomo ikibadilika rangi, hapo kimbia naye hospitali. Lakini usimpende mtu mpaka ukamwondolea miguu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu. Na itakapofupika, akupe mtu wa kusimama kando yako akikungoja. Haya, nirudishie ndoo yangu.