Mota Haijiunguzi

Kiwanda cha serikali alichofanyia kazi Hafidha kilipouzwa kwa mtu binafsi, wanawake ndio waliopunguzwa kwanza. Yeye alikuwa fundi umeme mwenye cheti, lakini ndugu walimshauri auze vitenge kama wenzake. Akakodi chumba mjini, mtaa wa Daraja Mbili, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: TUNASUKA MOTA ZA AINA ZOTE. Mteja aliyeuliza fundi yuko wapi alijibiwa, "Ndiye unayezungumza naye."

Kazi ilimkubali. Biashara huria ilikuwa imeleta mashine za kusaga karibu kila kijiji kwenye barabara ya Moshi, na mota zikiungua, watu walizipeleka kwake azisuke upya kwa waya mpya. Balaa lilianzia kijijini Kikatiti. Mota ya Elieshi, mjane wa Kimeru mwenye mashine karibu na soko, iliungua, Hafidha akaisuka, na kabla ya mahindi kwisha ghalani ikaungua tena. Za jirani zikafuata. Maneno yakafika mjini upesi kuliko mota zenyewe: yule mwanamke anasuka kwa waya mbovu.

Alikwenda Kikatiti kupima umeme, akaukuta mzuri. Hata hivyo alishikilia kwamba kuna nyakati unashuka. Aliwaeleza wasagaji kuwa mota ikipewa umeme hafifu huku mzigo ni uleule, huvuta mkondo mwingi kuliko kawaida, ikapata moto hadi ikaungua. Wakamuuliza unashuka saa ngapi. Akasema hilo bado hajalijua, wakacheka.

Kaka yake Najim, aliyekuwa chuo kikuu Dar es Salaam, alikuwa amempa kompyuta kuukuu pamoja na disketi zenye programu ya kujifunza. Programu ile haikuhitaji kupewa kanuni. Ilipewa mifano, ikakisia, ikaonyeshwa ilipokosea, ikajirekebisha na kukisia tena. Hafidha aliona hicho ndicho anachokitaka, maana hakuna binadamu ambaye angekaa msimu mzima akiukodolea macho umeme.

Akarudi kwa Elieshi. "Shikamoo, mama. Mota nitakusukia tena bila malipo. Ila naomba pembe ya stoo yako, niweke kompyuta iusome umeme wenu."

"Marahaba. Watasema nimeleta mganga."

"Waseme. Mganga hakosolewi. Hii tutaikosoa kila siku."

Aliiunganisha kwenye laini na kuiwekea betri ya gari ili isizimike, akaipa volti zilizopimwa, saa na siku ya juma. Baada ya wiki kadhaa kompyuta ikasema umeme utashuka siku ya soko. Hafidha akawatangazia wasagaji wasiwashe. Siku ya soko ikafika, umeme ukatulia kutwa nzima, na wateja wakabeba mahindi yao kwingine. Kesho yake, siku ambayo kompyuta haikuitaja, mota ya Simel, msagaji jirani, ikaungua.

Simel alikuja stoo na watu nyuma yake. Alimwambia Hafidha afungashe hiyo televisheni yake arudi jikoni kwake.

"Imekosea kwa sababu nimeifundisha vibaya," Hafidha alijibu. "Nitaifundisha tena. Hapa siondoki."

Watu walipotawanyika, Elieshi alisema jambo alilokuwa akiliwaza: tangu balaa lianze, hakukumbuka mota iliyoungua wakati wa masika. Wakatega kopo nje ya stoo, wakawa wanapima mvua, na Hafidha akaingiza vipimo hivyo kwenye mafunzo ya kompyuta. Makosa yakaanza kupungua. Sasa ilitaja siku kavu, asubuhi jua likishachomoza, na tena alasiri. Hafidha akajiuliza ni nani anayehitaji umeme mwingi mvua isiponyesha. Aliinua macho kuelekea mlimani, akaona mabanda ya nailoni ya shamba la maua, ambako pampu zote za kumwagilia zilikuwa zikiwashwa kwa pamoja kwenye laini ileile.

Jambo likapelekwa ofisi ya kata. Meneja wa shamba, Richard, alizungumza kwa adabu. Alisema kompyuta ya stoo si ushahidi, shamba limeajiri vijana wengi, na kama kweli pampu zinasumbua, basi wasagaji wasubiri zimalize kazi. Baadhi ya wasagaji waliitikia kwa vichwa. Hafidha akasimama.

"Hapana. Mama Elieshi alikuwa kwenye laini hii kabla ua la kwanza halijapandwa. Hawezi kusubiri maua yanywe ndipo watoto wapate kula."

Akamwomba mhandisi wa umeme aliyekuwepo aje na kipimo chake mwenyewe, kompyuta iseme kwanza, yeye apime baadaye. Mhandisi alikubali shingo upande. Wiki ile mvua haikunyesha. Kila asubuhi kompyuta ilitabiri, na mshale wa kipimo ukaanguka saa ileile iliyotajwa. Mara moja ilikosea, na Hafidha ndiye aliyelisema kosa hilo kabla Richard hajalishika. Mhandisi alifunga mkoba wake akasema ameona vya kutosha.

Shamba likaanza kuwasha pampu moja baada ya nyingine. Transfoma yao wenyewe waliyoahidi ilichelewa sana, lakini mota ya Elieshi ilivuka kiangazi kile ikisaga. Richard alikuja Daraja Mbili kutaka kuinunua kompyuta pamoja na yote iliyojifunza. Hafidha alimjibu kwamba haiuzwi, kisha akamkaribisha chai.

Miezi michache baadaye mafundi seremala wa Themi walimlalamikia kwamba misumeno yao ya umeme inaungua, na wanaambiwa wameuziwa mota feki. Rafiki zake walimsihi asijitafutie maadui wapya. Aliiweka kompyuta juu ya mkokoteni, akaifunika kwa khanga isipate vumbi, akaenda Themi kuifundisha upya.