Siku Shemeji Alipochomoa Waya

Mimi niliishia darasa la saba, lakini hapa Ikwiriri nani mwingine anaiamrisha kompyuta yenye mfumo wa Linux kwa kuandika amri? Hayupo. Wenye vyeti vyao wanabofya picha tu, kama kuku anayedonoa chenga za mchele.

Siku moja radi zilianza kupiga tukiwa dukani kwangu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akafanya kama wazee wake: akafunika kioo cha ukutani kwa kanga, eti kisivute radi, kisha akachomoa nyaya zote, hata ule wa kompyuta, nayo iko kazini! Mvua ilipokatika nikaiwasha. Skrini ikabaki nyeusi, maandishi meupe matupu. Na humo ndimo ilimokuwa video ya harusi ya bintiye, nakala pekee.

"Imekufa," akasema. "Tuipeleke Dar kwa mtaalamu."

"Mtaalamu gani? Kaa hapo, shemeji, ufunge mdomo."

Nikaandika fsck, amri ya kukagua diski na kuitengeneza. Mistari ikaanza kukimbia.

"Si inamfuta mwanangu hiyo?"

"Wa kufutwa ni wewe."

Ilipomaliza nikaiwasha upya, nikaandika ls ili nione mafaili yaliyomo. Video ilikuwepo. Nikaifungua, binti akatokea na hina yake mikononi, anacheka.

Shemeji akajifuta machozi, halafu bila haya akasema, "Kumbe jambo lenyewe rahisi."

Rahisi! Nikamsogezea kibodi. "Haya, andika wewe."

Akaitumbukiza mikono yote miwili mifukoni.