Neno "Mine" na Njia ya Kijito

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya ukalimani nilikaribia kuua watu, na nilitumia neno moja tu. Nawaeleza mapema ninyi vijana mnaojifunza lugha siku hizi, ili mjue anayewashauri ni mtu aliyewahi kukosea.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari Kasongo. Kiingereza chenyewe nilikipata vitabuni; mtu wa kuzungumza naye hakuwepo, labda ukuta. Asubuhi moja prefe, ndivyo tunavyomwita mkuu wa shule, akaniita ofisini kwake.

"Mwalimu Anselemu, kule Kabambare iko wageni wa mine. Mukalimani wao anagonjwa. Wanatafuta mutu wa Kiingereza. Utaenda?"

"Wageni wa mine ndio nani, prefe?"

"Si wale wa migodi? Nani mwingine anakujaka huku?"

Hakunidanganya. Kifaransa kinalo neno hilohilo, na kila mgeni tuliyemwona akija na neno hilo alikuwa akifuata dhahabu ya Salamabila au ya mahali kama hapo. Nikapanda pikipiki. Mara nyingi zaidi niliisukuma kuliko kuipanda, maana barabara ilikuwa matope matupu, na nilifika Kabambare kesho yake asubuhi nikiwa na rangi moja kutoka viatu hadi kofia.

Wageni walikuwa wamekwenda kazini porini. Karani wa ofisi yao akanipa karatasi ya Kiingereza, akasema mkuu wa timu ameomba iandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani. Juu palikuwa na jina la kijiji kilicho njia ya kwenda Lusangi. Chini yake mstari mmoja: "Mine found. Path to stream. Keep out." Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: "Mgodi umeonekana. Njia ya kijito. Msiingie." Karani akabandika. Mtu mmoja akasoma kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, na mimi nikasimama pembeni nikijisikia mtu mkubwa.

Sasa fikirini nanyi. Mwambie mchimbaji kwamba mgodi umeonekana na asiingie. Hapo hujamzuia, umemwalika. Nilisikia mmoja akinong'ona, "Wanatufichia dhahabu." Nikaona wanaume kama kumi wakiondoka haraka na machepeo begani. Sikushughulika nao.

Mkuu wa timu alirudi kabla ya saa sita. Alikuwa mtu mrefu kutoka kusini kabisa mwa Afrika, askari wa zamani, mpole wa sauti. Aliniomba nimrejeshee tangazo. Kurejesha, katika kazi yetu, ni kusoma tafsiri na kuirudisha katika lugha ya kwanza bila kuchungulia ule mwandiko wa asili. Ndiyo mizani yetu. Nikarejesha vizuri, nikaeleza kwamba mgodi ni mahali watu wanapochimba dhahabu.

Kisha akasema polepole, "Mwalimu, sisi hatutafuti dhahabu. Sisi tunatoa mabomu yaliyofukiwa ardhini wakati wa vita."

Nikamwambia habari za wanaume wenye machepeo. Hakunigombeza. Alinishika mkono, akaniweka nyuma yake kwenye pikipiki, na sijawahi tena kukimbizwa namna ile.

Tulipofika kwenye njia ile ya kijito, kelele zilitufikia kabla hatujaona watu. Mama mmoja wa makamo, jina lake Mama Feza, alikuwa amekaa chini katikati ya njia, miguu ameinyosha, shamba lake la mihogo likiwa mkono wa kushoto. Wachimbaji walikuwa wamemzunguka.

"Mama, toka. Karatasi ya ofisi inasema hapa iko mugodi."

"Mugodi gani? Mbuzi wangu alipasukia hapa! Munataka mupasuke kama mbuzi?"

"Wewe unalinda zahabu yako, mama."

Tisa kati yao alikuwa amewazuia kwa mwili wake na ulimi wake. Wa kumi, kijana wa kutoka Kivu aliyeitwa Shabani, alikuwa amempita kupitia mihogoni. Alisimama hatua sita au saba ng'ambo ya utepe mwekundu ambao timu ilikuwa imeufunga kuonyesha hatari, mtaimbo ameuinua juu.

Nilifungua kinywa nipige kelele "Bomu!" Mkuu wa timu akanifunga mdomo kwa kiganja. "Akisikia hilo atakimbia," akaniambia sikioni. "Sema ninayosema mimi, na kwa sauti yangu hii hii."

Hapo ndipo nilipojifunza ukalimani, si shuleni. Alisema sentensi, akanyamaza; nikaisema mimi. Tunaita mfululizo: msemaji anatangulia, mkalimani anafuata kwa zamu. Kanuni ni kwamba mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya msemaji, wala haongezi woga wake mwenyewe.

"Ndugu yangu, jina lako nani?"

"Shabani."

"Shabani, usiteremshe mtaimbo. Ushike kifuani. Vizuri. Sasa usigeuke. Angalia nyuma ya kisigino chako, unaona alama ya mguu wako?"

"Naiona."

"Rudisha mguu palepale. Si pembeni. Palepale."

Alirudi kinyumenyume, alama kwa alama. Alipovuka utepe, Mama Feza alimpiga kofi moja la nguvu, kisha akamkumbatia, na wote wawili wakalia. Siku ya pili mafundi walilifukua bomu lile. Lilikuwa hatua moja mbele ya pale alipokuwa amesimama.

Jioni ya siku ile ya kwanza nilimwandikia mkuu wa timu barua ya kuacha kazi. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Karatasi niliiandika mimi," akasema. "Nilikupa neno bila kukueleza kazi yetu. Kosa ni letu wawili. Ukienda, nitaletewa mwingine ambaye hajakosea bado, na huyo ndiye ninayemwogopa."

Kisha akanipa asili ya neno. Zamani za vita vya ngome, askari walioshindwa kupanda ukuta walichimba shimo chini yake mpaka ukaanguka. Shimo hilo waliliita mine, sawa na shimo la madini. Baadaye wakajaza baruti humo, na jina likahama kutoka shimo kwenda kwenye baruti yenyewe. Kwa hiyo mchimba dhahabu na mtega bomu wanatumia jina moja kwa sababu kazi yao ilianza moja: kuchimba. Neno hilo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa, wasomi wanadhani, walilirithi kutoka kwa watu wa kale zaidi wa nchi ile. Lakini iko "mine" nyingine, maana yake "yangu". Hiyo si ndugu yake hata kidogo. Kiingereza kilizaliwa nayo, na Wajerumani wanayo inayofanana nayo mpaka leo.

Maana hiyo ya tatu nayo ilinikamata. Majuma machache baadaye tulikuwa tukikagua shamba la Mama Feza, mafundi wakitangulia mmojammoja, wakati chuma kilipoonekana kikichungulia udongoni. Mkuu wa timu akauliza kile ni nini. Mama Feza akapaza sauti kutoka nje ya utepe, "Yangu!" Nami, kwa utii wa kanuni, nikapaza kwa Kiingereza, "Mine!"

Mafundi wote walilala kifudifudi. Mmoja uso wake uliingia kwenye tuta. Kilikuwa kifuniko cha sufuria ambacho Mama Feza alikipoteza siku walipokimbia vita. Mama Feza alipoelewa kilichotokea alicheka mpaka akashika mti, na tangu siku hiyo kila aliponiona njiani aliinua sufuria, au kikapu, au chochote alichobeba, akaita, "Mwalimu! Yangu!"

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi. Kutoka Kabambare nilipelekwa Lusangi, kisha Salamabila, ambako mkuu wetu mpya, mwanamke mkali mwenye miwani, alitaka kila tangazo lirejeshwe mara mbili na watu wawili. Nilimpenda sana kwa jambo hilo. Wenzangu walichoka na maswali yangu. Sikuandika neno kabla sijauliza: limesemwa na nani, kwa nani, amesimama wapi. Shamba la Mama Feza lilikabidhiwa kwake mwenyewe, na kwenye sherehe nilitafsiri hotuba ya Kiingereza kwa sentensi ndefu nne. Yeye alijibu kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, sentensi moja, kisha akatugawia sombe, yaani kisamvu. Hiyo hakuna aliyeniomba niitafsiri.

Sasa nimestaafu, niko Kasongo, nina mihogo na michikichi michache, na magoti yanayobashiri mvua. Sina malalamiko. Binti yangu Furaha ni muuguzi kwenye kituo cha afya huko Kabambare. Wiki iliyopita alinipigia simu.

"Baba, tumeletewa bandeji, na karatasi ya Kiingereza. Inasema muone daktari kama iko 'discharge'. Wenzangu wanasema ni kumuruhusu mugonjwa arudi kwake."

"Nisomee sentensi yote," nikasema. "Na ile inayotangulia. Na—"

"Baba, nilishazisoma zote, pande zote mbili za karatasi. Ni uchafu unaotoka kwa kidonda. Siyo?"

"Ndiyo, mwanangu. Sasa kama ulijua, simu ya nini?"

"Nilitaka kusikia sauti yako tu."