Kabati Lenye Vichala vya Mchikichi

Mama Philomène wa mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu, hakai kwenye kiti cha plastiki. Ukimkaribisha kwako ukamsogezea kile cha bluu, atashukuru, atakitazama kama mtu aliyepewa ugali wa jana, kisha atatandika kitenge chake chini na kukaa. Majirani walikwisha kuacha kubishana naye. Wanasema mke wa seremala ana madaha yake, na kweli anayo, ingawa seremala mwenyewe hajaonekana kwa zaidi ya miaka ishirini, na nyumbani kwake hakuna hata kigoda kimoja alichokichonga.

Kwa nini hakuna, hilo Philomène hakupenda kulisimulia. Wenye umri wa kutosha wanajua. Waliozaliwa baada ya vita wanamjua tu kama mama anayelima muhogo nyuma ya nyumba na kushona sare za shule barazani, mkali kwa wateja wanaochelewa kuja kupimwa.

Mumewe aliitwa Léon. Useremala alifundishwa na mtawa mmoja wa misheni, Mzungu mzee aliyekuja na michoro ya samani za enzi za mababu zake: viti vya migongo mirefu, vitanda vya nguzo, makabati yenye miguu ya simba. Mzee huyo alitaka vitu vile vile vitengenezwe Kindu kwa mbao za msitu wa hapa. Siku moja akamwagiza Léon achonge vichala vya zabibu kwenye milango ya kabati kubwa. Léon akaitikia vizuri kabisa. Zabibu hakuwahi kuziona, na kuuliza aliona haya. Basi akachonga vichala vya mchikichi, punje kwa punje, pamoja na miiba yake. Mtawa alipokuja kukagua kazi alicheka mpaka akavua miwani afute machozi, kisha akasema kabati hilo ni la Léon mwenyewe, alipeleke kwake, yeye atachongewa jingine. Léon alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Ndivyo kabati lilivyoingia katika maisha ya Philomène, na miaka yote ya ndoa yao alilifuta vumbi kila Jumamosi kwa kitambaa chenye mafuta.

Kisha vikaja vita. Mwaka wa 2002 Kindu ilifungwa. Askari walikaa mjini, wapiganaji wa Mai-Mai wakakaa porini, na raia wakabanwa katikati. Treni haikuja. Mwanamke aliyekwenda shambani alikwenda roho mkononi, na wengine hawakurudi. Unga ukawa adimu, chumvi ikawa dhahabu. Léon na wenzake wawili wakapanda mtumbwi kuelekea Lokandu kutafuta chakula. Alimwambia mkewe hatakawia. Hakurudi yeye, hawakurudi wenzake, wala hakuna aliyeleta habari.

Philomène alibaki na watoto watatu. Ukuta wa pili alikaa Salama, Mwislamu, naye alikuwa na watoto wanne na mume aliyekimbilia asikojulikana. Wanawake hao wawili wakaunganisha vyungu. Majani ya muhogo yalipatikana uani, lakini sombe haliivi kwa maombi, na kuni zilikuwa kule kule porini kwenye bunduki. Siku ya tatu bila moto, Philomène alichukua shoka la mumewe akakipasua kigoda alichokichonga.

Baada ya kigoda ikafuata meza ndogo. Baada ya meza, viti vya migongo mirefu, kimoja kimoja. Kitanda cha ndoa kiliwapikia kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia. Mbao ile ni ngumu, inashika moto taratibu na kuudumisha, na Philomène aliijua sifa hiyo kwa uchungu. Kila alipoinua shoka alisema kwa sauti, Léon, unisamehe. Salama alimsikia kila mara, akawa anakuja na watoto wa pande zote mbili ili wakae karibu na moto na kelele zao zimzuie mwenzake kufikiri.

Hatimaye likabaki kabati. Philomène alisimama mbele yake na shoka mkononi, na mikono ikakataa. Akatoka, akaenda kwa masista wa misheni, akawaeleza. Masista wakampa maharage na donge la chumvi, wakatuma wanaume waje kulichukua. Hakulia. Alijisemea kwamba kwa masista angalau hakuna atakayelipikia sombe.

Amani ikarudi, polepole, kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Watoto wakakua wakatawanyika, wawili Kisangani na mmoja Goma. Nyumba ya zamani iliangushwa na mvua, Philomène akajenga nyingine ndogo ya matofali ya udongo, Salama akajenga ubavuni mwake. Masista wa wakati ule wakahamishwa wakaja wengine, na hakuna kati yao aliyejua kabati lile lilitoka wapi. Philomène hakuwaambia. Kitu alikitoa kwa hiari yake, akakila, kimekwisha. Na kuwaambia watu kwamba lile ni la Léon kungemlazimu kuwaambia na mengine yalikokwenda, naye aliona aibu. Mwanamke gani huyo aliyepika kazi yote ya mikono ya mumewe?

Mwaka huu padri akatangaza kwamba paa la wodi ya wazazi linavuja, kwa hiyo vitu vyote vya kale vilivyorundikwa boharini vitapigwa mnada Jumapili baada ya misa. Philomène aliposikia, akaondoka siku ile ile. Alifika misheni vijana wakivitoa nje kuvipangusa, na katikati ya uwanja akaliona, lina vumbi, mguu mmoja umechubuka, vichala vyake vyote vipo. Akajikuta analishika kama unavyomshika mtu begani. Hapo akajua kwamba asipolipata, hatakuwa na chochote duniani cha kuonyesha kwamba Léon alikuwapo. Hana kaburi lake. Hana picha yake.

Akashona sare mchana kutwa, akauza muhogo hata ule wa kula, akafunga alichopata katika pembe ya kitenge. Aliyeambiwa ni Salama peke yake, naye aliambiwa maneno machache tu: kabati la Léon linauzwa, na mimi nataka kulinunua. Salama akamkumbatia, akasema amwachie yeye, ataona.

Sasa lazima ieleweke jinsi mnada wa parokia unavyokwenda huku kwetu, kwa sababu humo ndimo mambo yalimoharibikia. Hapana kutaja bei na kusubiri. Mbele huwekwa beseni. Anayekitaka kitu anatia fedha yake humo, na fedha hiyo hairudi. Mwingine akikitaka, anaongeza juu yake. Wa mwisho kuongeza ndiye anayekichukua, hata kama yeye ametia kidogo kuliko wote. Na ipo heshima yake: kitu cha mtu mnayempenda hakiondoki kimya kimya kama fungu la nyanya. Ndugu na marafiki huinuka mmoja mmoja wakaongeza, ili kitu kipande na mwenye kukitaka apande nacho, kisha mwenyewe humaliza kwa kutia kitu kidogo, watu wakapiga vigelegele. Salama hukosa sherehe nyingi za parokia, kwa kuwa si dini yake, lakini mnada haukosi. Wiki nzima alizunguka Mikelenge akiwahimiza watu waje kumpandisha Philomène, bila kumwambia mwenyewe. Alifanya hivyo kwa mapenzi matupu.

Aliyenadi ni Didier, katekista ambaye mdomo wake haukauki hata wakati wa kiangazi. Alianza na mitungi miwili ya kaure, myeupe yenye michoro ya bluu, akaapa kwamba ilitoka Uchina ikapita Unguja, ikabebwa vichwani na wapagazi mpaka Kasongo enzi za Waungwana, wafanyabiashara wa pwani, ikahifadhiwa na ukoo mmoja mpaka walipowapa masista. Didier hutia chumvi, lakini mitungi yenyewe ilikuwa mizuri kweli, ingawa mmoja ulikuwa na sikio lililogundishwa. Bibi mmoja akauliza kama unaweza kuwekwa mafuta ya mawese. Mitungi yote miwili ikachukuliwa na Yassine, mfanyabiashara wa Kasongo anayejenga hoteli karibu na mto na anayetafuta vitu vya kuipamba. Vikafuata viti, dawati, kitanda cha shaba. Kisha Didier akagonga mlango wa kabati kwa kiganja.

Akasema hili ni la Ubelgiji, la karne zile, lilivuka bahari kwa meli. Philomène alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akainuka kabla ya mtu mwingine yeyote, akafungua pembe ya kitenge, akamimina yote ndani ya beseni. Alifikiri kwamba kiasi kile kingewanyamazisha watu wote.

Wala hakikuwanyamazisha. Salama akainuka, uso unang'aa, akaongeza. Akainuka Christelle, mama kijana aliyeshonewa na Philomène gauni la ndoa, akaongeza. Wakainuka wa kwaya, wakainuka wa sokoni. Vigelegele vikapasua uwanja. Kila aliyeongeza alimgeukia Philomène akamkonyeza, maana yake, unaona tunavyokupandisha. Na Philomène alisimama pale akiona kabati linamwacha kwa kila mkono wa mtu aliyempenda.

Kisha akainuka Yassine, ambaye hakujua lolote la hayo na alilitaka kabati kweli. Akatia noti zake, akarudi kukaa. Didier akatazama huku na huku, akaita mara ya kwanza kati ya tatu.

Salama akamsogelea mwenzake. "Mama Philo, ongeza hata kidogo, umalize. Hiyo njo desturi."

Philomène akamwonyesha pembe ya kitenge, imelegea, haina kitu. Uso wa Salama ukabadilika. Akaingiza mkono kifuani kutafuta, lakini na yeye alikwisha kumaliza kila alichokuja nacho. Didier akaita mara ya pili.

Hapo Philomène akatembea mpaka kwenye kabati akaweka kiganja juu ya mlango. Hakupaza sauti, na watu ikabidi wanyamaze ili wamsikie.

"Hii kabati haikutoka Ulaya. Muangalie vizuri. Ulaya iko na michikichi? Ilichongwa na bwana yangu Léon, kwa mikono yake. Viti vyake, meza, kitanda, yote nilichoma mi mwenyewe wakati ya vita, nikapikia watoto. Hii tu njo ilibakia. Siombi munipe. Nilitaka kuinunua, na nguvu imeniishia."

Alikwisha kusema. Aibu aliyoibeba miaka yote ile ilikuwa nje, mbele ya padri, mbele ya kwaya, mbele ya wateja wake. Didier akaushusha mkono aliokuwa ameuinua kuita mara ya tatu.

Aliyejibu ni Salama. Alikuwa analia waziwazi, na sauti yake ilitoka nzito.

"Unasema ulichoma wewe mwenyewe. Ule moto nani hakuota? Watoto yangu wanne wako hai sababu ya kitanda yako. Wa nyuma ya nyumba walikuja kuomba kaa la moto, tukawapa. Tulikula wote, Philo, na hakuna mutu alikulipa kuni. Basi leo tulipe kuni."

Akavua hereni zake akazitia katika beseni kwa jina la Philomène. Akainuka mzee mmoja aliyekuwa kijana wakati ule wa vita, akasema hata yeye alikuja kuomba kaa, akatia. Akaja mwanamke wa kando ya reli, akatia, akasema kuni. Wakaja wengine ambao mwaka ule walikuwa hawajazaliwa, wakatia kwa niaba ya mama zao, na kila mmoja alipofika kwenye beseni alilisema neno lile lile moja. Philomène alijaribu kuwazuia kwa mkono, kisha akauacha mkono ukaanguka. Kulipwa ni kitu kingine na kuhurumiwa ni kingine, na tofauti yake aliisikia mwilini.

Didier akamtazama Yassine, kwa kuwa bado alikuwa na haki ya kuongeza. Yassine akavaa kofia yake.

"Mimi niko na mitungi," akasema. "Siwezi kugombana na kilio ya watu." Akaongeza kwamba gari lake dogo la mizigo liko nje, kama kuna watu wa kubeba.

Watu wa kubeba walikuwa uwanja mzima. Gari lilikwenda mwendo wa kinyonga mpaka Mikelenge, kwaya inafuata nyuma kwa miguu na Philomène amekaa juu, mgongo umeegemea milango ya Léon. Alilia njia nzima, kilio kirefu cha mjane ambacho hakuwahi kukitoa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kufika nyumbani, kabati likakataa kuingia. Alipojenga nyumba ile alikuwa mtu asiye na cha kuingiza, akaweka mlango mwembamba. Wakajaribu kulilaza ubavu, wakajaribu kuligeuza. Kijana mmoja aliyekuja na msumeno akasema kwa adabu kwamba ikikatwa miguu minne, kisha baadaye ikigundishwa tena, haitaonekana kuwa ilikatwa.

Philomène alifuta uso kwa kitenge. Akaingia uani, akatoka na shoka, akalitia mikononi mwa kijana yule.

"Acha miguu ya simba yangu," akamwambia. "Vunja ukuta."

Kijana akadhani anatania, akamtazama Salama. Salama alikwisha kukunja mikono ya gauni na kuanza kuteremsha mlango kutoka bawabani mwake. Tofali la kwanza likaanguka, la pili, la tatu, mpaka nyumba ikafunguka upande mzima wa mbele. Wanaume sita wakaliinua kabati la Léon, wakaingia nalo likiwa wima.